Naomba ushauri: tuwaalike wagombea kanisani au tukae kimya?

Ndugu zangu, salamu. Ninaishi Brooklyn Park, katika wilaya ya 3 ya uchaguzi wa Bunge, jimbo la Minnesota, ambako sisi wazungumzaji wa Kiswahili tumekuwa wengi kiasi cha kujaza ibada nzima ya Jumapili. Uchaguzi wa Novemba 3, 2026 unakaribia, na vipeperushi vinaingia mlangoni kila wiki. Juzi nilimkuta mama mkwe, ambaye ni raia tangu mwaka jana, ameshika kimoja karibu na taa, akaniuliza, "Huyu anaomba kazi gani hasa?" Nilipojaribu kumweleza tofauti ya mbunge wa Washington, diwani wa jiji na mjumbe wa bodi ya shule, nikagundua kwamba mimi mwenyewe nayachanganya.

Nimefikiria tuwaalike wagombea wa vyama vyote kanisani, wajibu maswali yetu kwa mkalimani. Ninafahamu kwamba kanisa lisilolipa kodi haliruhusiwi kumpigia debe mgombea yeyote, lakini mzee mmoja wa kanisa anahofia kwamba hata mkutano wa haki utatugawa, na hofu yake siidharau, maana tumewahi kununiana kwa siasa za nyumbani.

Waliowahi kuandaa kikao cha namna hii, mlimpataje msimamizi aliyekubalika na pande zote? Je, ni afadhali tukodi ukumbi wa maktaba? Tena, kwa kuwa Minnesota inaruhusu kujiandikisha siku ileile ya kupiga kura, wazee wetu waje na hati zipi?