Mjadala: Wasichana wakatazwe kubeba na kutupa, wavulana waachiwe?

Msichana wa Katuba: Jambo yenu wote. Mimi nacheza kachi, mieleka ya jukwaani, hapa Lubumbashi, sasa mwaka wa nne. Jumapili iliyopita, kabla hatujapanda, mwandaaji alituita wasichana pembeni akatupa sheria mpya: hakuna tena kubeba mtu na kumtupa. Suplesi, ile ya kumwinua mwenzako ukaanguka naye chali, hapana. Ile ya kumgeuza mwenzako kichwa chini miguu juu, kama mchi kinuni, hapana kabisa. Tubaki na kabari, mtama, makofi, "na mvutane nywele kidogo, watu wanapenda". Wavulana waliopanda baada yetu wakatwangana wanavyotaka. Sababu aliyotoa: shingo ya mwanamke ni laini, na kesho atazaa. Nauliza, hii ni kutulinda ao ni kutupunguza?

Papa wa Kamalondo: Binti yangu, mimi naona amefanya vizuri. Kachi naiangalia tangu enzi za Zaire. Huo mchi si mchezo. Agosti 1997 kule Marekani, kwenye onyesho kubwa la kachi la SummerSlam, Owen Hart alimgeuza Steve Austin hivyo hivyo. Kichwa kikatangulia kugonga sakafu, Austin akalala pale mikono na miguu haimtii. Mwanaume yule, shingo kama ya fahali! Mwezi uleule, Hiroshima, dada mmoja Mjapani, Plum Mariko, alibebwa akabwagwa jukwaani, hakuamka tena. Mnataka ushahidi gani zaidi?

Msichana wa Katuba: Papa, kwa heshima yote. Mfano wako wa kwanza ni mwanaume, na tuliokatazwa ni sisi. Plum Mariko naye hakupigwa mchi. Alibwagwa kwa mgongo, na kichwa chake kilikuwa kimeshaumia mara nyingi kabla ya siku ile. Hapo ndipo mtu angepaswa kumzuia asipande. Tena chukua Paige, dada Mwingereza wa kachi. Desemba 2017 alipigwa teke tu la mgongoni. Shingo yake ilikuwa imepasuliwa na madaktari mwaka mmoja nyuma. Aprili 2018 akatangaza ameacha. Teke halimo kwenye katazo la mwandaaji.

Ninyi mnaokaa kwenye viti mnaona anayebeba. Kazi kubwa anaifanya anayebebwa. Kwenye suplesi mimi ndiye ninayeruka; mwenzangu ananielekeza tu njia. Nikiwa hewani kidevu nakibana kifuani, ulimi ndani, pumzi naitoa, halafu natua na mgongo wa juu wote mara moja huku viganja vinapiga sakafu. Nilifanya hivyo miezi sita, kila jioni, kabla sijaruhusiwa kumbeba mtu. Na huo mchi, ukipigwa sawasawa, mapaja ya anayepiga yanabana kichwa, utosi unabaki juu ya makalio yake. Anayegonga chini ni yeye. Kichwa cha Austin kilining'inia chini mno, ndiyo maana. Sasa wale wavulana wawili wa Jumapili, mmoja alianza mazoezi mwezi uliopita! Huyo karuhusiwa, mimi hapana.

Mwalimu wa historia: Mexico ina mifano miwili, na watu hupenda kuuchukua mmoja tu. Kwao mchi unaitwa martinete. Anayeupiga, mwanaume ao mwanamke, anahesabiwa ameshindwa palepale. Hiyo ni sheria ya shingo. Lakini Mexico hiyohiyo iliwafungia wanawake majukwaa ya mji mkuu kwa miaka mingi, mpaka 1986. Hiyo ilikuwa sheria ya sketi. Mwandaaji atuambie yake ni ipi.

Mama wa Kenya (commune ya hapa Lubumbashi, si nchi): Mimi binti yangu anafanya mazoezi na hao. Habari ya kuzaa niachieni, hiyo si kazi ya mwandaaji. Ninachouliza ni kimoja: mtoto akivunjika, nani analipa hospitali? Mwaka jana kijana wa jirani alitoka bega, simu ya mwandaaji ikazimwa siku tatu. Tulichanga sisi, kwenye duka la unga.

Kijana wa Ruashi: Mnajisumbua. Wafanye kama kachi ya uchawi ya Kinshasa, mtu anamwagiwa dawa kwa mbali, anaanguka mwenyewe, shingo haiguswi. 😂

Msichana wa Katuba: Kaka, hata aliyelogwa anaangukia mbao zilezile.

Seremala: Afadhali umezitaja mbao. Nimesoma kimya tangu asubuhi, lakini jukwaa lile nililigongelea misumari mimi. Jukwaa la kachi linatakiwa linese: mbao juu ya fremu, chini wazi, sponji juu, halafu turubai. Lile mbao zimekaa juu ya magogo yaliyoshikana, hazinesi hata kidogo. Sponji nilimwandikia kwenye bei, akaifuta, akasema itafuata. Turubai imetandikwa juu ya mbao kavu. Na katikati kuna ubao mmoja ulishaanza kupasuka tangu Pasaka.

Papa wa Kamalondo: Katikati wapi?

Seremala: Pale wanapotupana wote, papa. Wasichana na wavulana.

Mama wa Kenya: Yesu wangu.

Msichana wa Katuba: Nilijua pale panalia! Nilidhani ni mgongo wangu.

Papa wa Kamalondo: Kuhusu mchi sijabadilika, binti, kwangu ungekatazwa kwa wote kama huko Mexico. Lakini Jumapili nakuja mapema. Seremala, njoo na nyundo. Huyo mwandaaji tutamwomba alale pale katikati kwanza, mimi nimpige suplesi moja ya kizee.