Mrejesho: panya kwenye bustani ya ndege, Kisumu

Niliuliza jinsi ya kupunguza panya bila kuwadhuru ndege na kalunguyeye. Shukrani kwenu nyote. Mambo yamekaa hivi.

Sumu, hapana. Panya aliyeila hafi papo hapo, huzubaa nje siku kadhaa, na bundi akimla sumu inamwingia yeye.

Kiini kilikuwa pipa la mboji. Ugali na mifupa ya samaki haviingii tena, na chini yake kuna waya wa matundu ya robo inchi, uliokunjwa kupanda kingoni sentimita 20. Waya wa kuku ni pesa bure: panya wadogo hupenya.

Mitego ya springi imo ndani ya kasha la mbao lenye tundu la sentimita 6, kunguru na paka wasifike. Kasha liegemee ukuta, maana panya hupita akiugusa. Chambo ni omena aliyefungwa kwa uzi. Asipofungwa huibwa mtego usifyatuke. Mtego ukae siku kadhaa na chambo bila kutegwa, kwani panya huogopa kitu kigeni.

Nafaka za ndege huondolewa kabla ya magharibi. Limebaki shimo la mlango wa stoo: nitaliziba kwa simiti na vigae vya chupa.