Mjadala: Duka kukuuzia laptopu bila diski ya kurejesha Windows, ni sawa?

Mleta mada (Umoja)

Wadau, salaam. Hili tulijadili bila matusi.

Ukinunua laptopu mjini Nairobi leo, iwe Luthuli, Moi Avenue au duka la kwenye mall, unapewa mashine, chaja, karatasi ya waranti na risiti. Diski ya kurejesha Windows, yaani ya kuuweka mfumo upya mashine ikigoma, haimo. Enzi za Windows XP, kompyuta nyingi za dukani zilikuja na CD zake kwenye bahasha, na chini ya mashine pana stika ya leseni yenye herufi na tarakimu 25. Zikaja Vista na Windows 7, CD zikaanza kuadimika. Badala yake wakakuachia sehemu iliyofichwa ndani ya diski ya mashine, na programu ya kukuhimiza uchome DVD mwenyewe. Kuna kampuni zilizokuruhusu kuchoma seti moja tu. Ikiharibika, shauri yako. Siku hizi laptopu nyingi hata pa kuingizia hiyo DVD hazina.

Msimamo wangu: sheria ilazimishe. Anayeuza mashine yenye Windows atoe na flashi ya kuirejesha, ndani ya boksi. Ile sehemu iliyofichwa inakaa kwenye diski ileile inayokufa, kwa hiyo mgonjwa na dawa wanazikwa pamoja. Flashi ya GB 16 ni pesa ngapi kwa mtu aliyekwisha kulipa elfu sitini? Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya maelezo yanayomwezesha kufaidi kikamilifu alichonunua. Kwangu mimi, mashine isiyoweza kuinuka ikianguka imeuzwa nusu.

Mnasemaje?

Fundi wa Luthuli

Ndugu yangu, vita hivyo vilikwisha 2012. Tangu Windows 8, ufunguo wa leseni hauko kwenye stika, umeandikwa ndani ya chipu kwenye bodi ya mashine. Nikiweka Windows ya aina ileile iliyokuja nayo, inausoma yenyewe na ikipata intaneti inajiamilisha, yaani inathibitisha kwamba leseni ni halali. Mafaili Microsoft wanayatoa bure, flashi ya GB 8 inatosha. HP, Dell na Lenovo nao wana programu zao za kupakua mfumo kamili wa mashine yako: unaingiza namba iliyobandikwa chini, basi. Flashi ya dukani itakaa droo miaka mitatu, na siku ukiihitaji itakuwa imepitwa na wakati.

Mleta mada (Umoja)

Fundi, bure kwa nani? Faili hilo linazidi GB tano. Mtu wa bando la siku atalipakua vipi? Tena kwa mashine gani, wakati yake ndiyo iliyolala? Itabidi aje kwako na akulipe. Naelewa kwa nini hutaki flashi iwe ndani ya boksi.

Fundi wa Luthuli

Haha, sawa, hilo nimelipokea. Lakini nikueleze ninachokiona mezani, maana wengi mnazungumzia diski ya kurejesha na tatizo liko kwingine.

Mtu analeta laptopu yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 au zaidi. Nachomeka flashi ya Microsoft, nafika mahali pa kuchagua diski, orodha iko tupu. Mteja anashtuka, anadhani diski imekufa. Haijakufa. Kinachokosekana ni draiva, yaani programu ndogo ya kuiwezesha Windows kuiona, na haimo kwenye flashi ya Microsoft. Lazima niitoe kwenye tovuti ya kampuni, niiweke kwenye flashi, ndipo diski ionekane. Hapo nakubaliana nawe: mfumo uliotengenezwa na kampuni yenyewe huwa tayari na draiva hiyo, na ya Wi-Fi pia.

La pili ni baya zaidi. Windows 11 za karibuni hufunga diski kwa usimbaji (mafaili hayasomeki bila ufunguo) zenyewe, kimyakimya, mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft. Siku mashine ikikataa kuwaka vizuri inakuomba namba ya tarakimu 48. Namba hiyo iko kwenye akaunti. Akaunti ya nani? Kuna maduka yanayokuwashia mashine kwa barua pepe yao "ili ukifika nyumbani uanze kazi". Sasa ufunguo wa picha zako na kazi zako zote uko kwa kijana aliyeacha kazi pale mwaka jana. Mpe mtu huyo flashi kumi za kurejesha: Windows itarudi, mafaili hayarudi.

Muuza laptopu, Moi Avenue

Wacha nami niseme, maana hapa wenye maduka tunapigwa mawe. Mteja akiingia, swali la kwanza ni "ya mwisho ngapi?" Hakuna anayeuliza habari za leseni. Nikimwonyesha mashine mbili zinazofanana, moja ina Windows halali na nyingine lebo ya boksi imeandikwa FreeDOS, yaani mfumo mdogo wa bure usio Windows, anachukua ya FreeDOS kwa sababu ni nafuu. Halafu papo hapo: "Boss, niwekee Windows na Office." Nikikataa anavuka barabara. Sasa flashi ya kurejesha niirejeshe nini, ikiwa mashine ilitoka kiwandani bila Windows?

Na mitumba ya ex-UK je? Zile zinakuja kwa shehena, zilikuwa za ofisi huko Uingereza, diski zimefutwa au zimetolewa kabisa. Nani atoe flashi hiyo, mimi au ofisi ya Manchester?

Mama Saiba, Kayole

Asante boss kwa kusema ukweli, umenisaidia kumwaga mchele.

Nilinunua mashine za saiba kwa duka moja hapo mjini, risiti imeandikwa "laptop + Windows 11 Pro". Zikafanya kazi vizuri, kisha siku moja maandishi yakatokea pembeni chini ya skrini kwamba Windows haijaamilishwa. Kijana anayenisaidia akafungua lile dirisha jeusi, akaandika slmgr /xpr, amri ya kuuliza leseni inaisha lini. Jibu: uamilishaji una tarehe ya kuisha. Leseni halali ya mashine ya dukani huwa haina tarehe, inasema ni ya kudumu. Yangu ilikuwa imedanganywa kwamba iko kwenye mtandao wa kampuni kubwa inayojiamilishia Windows zake, na udanganyifu wa aina hiyo hudumu siku 180, kisha unahitaji kufanywa tena. Alipochunguza zaidi akakuta kinga ya virusi imezimwa, maana zile programu za kukraki, yaani za kukwepa leseni, hazikubali kufanya kazi nayo ikiwa macho.

Sasa fikirini wanaokaa kwenye viti vyangu. Mtu anafungua iTax, tovuti ya kodi, kupeleka ritani, mwingine yuko eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, anaomba pasipoti, nywila zinaandikwa kwenye mashine ambayo sijui ndani yake kumewekwa nini. Nilipopiga simu dukani nikaambiwa, "Mama, lete tu tukuwekee tena." Kuweka tena ndicho kitu ambacho sikukitaka.

Kwa hiyo Mleta mada, hoja yako ya flashi ni sawa, lakini mimi ningetaka kwanza risiti iseme kweli.

Penguini wa Ngara

Wekeni Linux, mfumo wa bure usio wa Microsoft, muishi kwa amani. Watu wa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, walikuwa wanatuma CD bure kwa posta hadi 2011, na sasa unapakua bila kuuliza ufunguo wa mtu.

Mama Saiba, Kayole

Mwanangu, mteja wangu akikosa Word anaondoka na shilingi zake. Wewe njoo uwaeleze.

Mwanafunzi wa sheria

Niongeze kidogo. Kifungu cha 46 kipo kama Mleta mada alivyosema, ila kukitoa hapo na kufika kwenye "flashi ndani ya boksi" ni safari ndefu, na sijui hakimu atakayekubali kusafiri nawe. Kesi ya Mama Saiba ndiyo yenye nguvu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza muuzaji kutoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Ukiandikiwa "Windows 11 Pro" kwenye risiti na kumbe ni ya kukraki, hayo ni maelezo ya uongo, na karatasi unayo mkononi. Malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Ushindani. Muuzaji naye akumbuke Sheria ya Hakimiliki ya 2001: kusema "mteja ndiye aliyeomba" si kinga.

Mleta mada (Umoja)

Nimewasikia. Basi nibadilishe dai. Risiti, hasa hii ya eTIMS, mfumo wa risiti wa mamlaka ya kodi, ambayo tayari inaorodhesha kila kitu, iwe na mstari mmoja: mashine ina leseni ya Windows au haina, na kama inayo ni ya aina gani. Ikiwa inayo, flashi ya kampuni iwe haki ya mnunuzi akiiomba, kwa bei ya flashi tupu. Ikiwa haina, isemwe haina. FreeDOS si aibu, aibu ni kuificha.

Muuza laptopu, Moi Avenue

Na nikiandika "haina leseni" na jirani yangu haandiki, nani atanunua kwangu?

Mleta mada (Umoja)

Ndiyo maana nasema sheria, boss. Kwa hiari utaumia peke yako.

Fundi wa Luthuli

Mkiiandika hiyo sheria, ongezeni kwamba akaunti ifunguliwe na mwenye mashine, kwa simu yake, akiwa amesimama pale pale kaunta. Flashi nitawatengenezea mimi, mia tano, na draiva za diski ziko ndani.