Cubano ya Tampa au ya Miami, na mashine ipi ya kubania?

JikoFlorida: Wadau, habari zenu. Jumamosi nina wageni, nataka kuwaandalia cubano, ule mkate wa Kikuba wenye nyama ya nguruwe, jibini na matango ya siki, unaobanwa kwenye mashine ya moto. Niweke salami (soseji kavu) kama wanavyofanya Tampa, au niiache kama Miami? Na mashine ninunue yenye sahani za mifereji au bapa?

Mama Shua: Wageni wangapi? Wanakula nguruwe? Utapikia nyumbani au ukumbini? Sema kwanza.

KisuKikali: Bapa. Ya mifereji inaunguza mistari tu, katikati mkate unabaki mweupe na laini. Cubano ganda lote liwe la dhahabu, ukilikata lilie. Paka siagi nje, bana dakika 5. Salami iwemo: ndiyo alama ya Waitalia wa Ybor City, mtaa wa Tampa, walioishi na Wakuba enzi za viwanda vya sigara. Baraza la jiji la Tampa liliitambua rasmi cubano hiyo yenye salami mwaka 2012.

Mtaa wa 8: Salami inafunika ladha ya mojo, ule mchuzi wa kulowekea nyama, na mojo ndiyo roho ya cubano. Maji ya madanzi, kitunguu saumu kingi, bizari nyembamba, oregano. Ukikosa madanzi, changanya chungwa sehemu 2 na ndimu sehemu 1. Loweka bega la nguruwe usiku kucha.

Mama Shua: Kinachoharibu cubano nyingi si salami. Ni nyama iliyotoka kwenye friji moja kwa moja. Ganda linaungua, jibini ndani haijayeyuka, mtu anaongeza moto, mambo yanazidi kuharibika. Toa nyama nusu saa kabla, ipashe kidogo kwenye kikaango. Matango ya siki yafute kwa kitambaa, la sivyo mkate unalowa. Haradali ipake upande mmoja.

JikoFlorida: Samahani, sikusema. Ni 30, nusu ni Waislamu. Hao nitawawekea bata mzinga.

Danzi: Angalia mkate! Mkate wa Kikuba wa asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Muulize mwokaji, wapo wanaotumia mafuta ya mimea. Na mashine iliyobania nguruwe usiitumie kubania mikate ya hao Waislamu.

KisuKikali: Ya bata mzinga ni mkate mzuri, ila usiuite cubano.

Ngeli: Jina nalo tuliweke sawa. Kwa Kihispania cubano ni mtu na ni mkate pia. Kwetu ngeli inatenganisha: Mkuba amefika, cubano imeiva. Wakuba wawili, cubano mbili. Zamani wengi waliiita mixto tu.

Mtaa wa 8: Mixto, yaani mchanganyiko. Kwa hiyo bata mzinga asibaguliwe.

JikoFlorida: Basi ninunue mashine mbili bapa?

Mama Shua: Soma wati nyuma ya kila moja. Soketi za kawaida Marekani ni volti 120, ampea 15, yaani wati 1,800. Mbili za wati 1,500 kwenye laini moja zinakata umeme. Tena mashine ya mikate miwili kwa dakika 5 inatoa 24 kwa saa. Bora oveni: sinia, mikate, foili, sinia la pili, juu yake tofali zito. 200°C, dakika 15.

KisuKikali: Oveni haitoi ganda lile.

Danzi: Linatoka, ukipasha masinia yote mawili kwanza. JikoFlorida, mwokaji kasemaje kuhusu mafuta?