Mzee anataka kumalizia Sholay aliyoiacha katikati. Nimwekee mwisho upi?

Mtoto wa Chumbageni
Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa haraka, nimeshaahidi Jumamosi.

Mzee wangu ni kijana wa zamani wa Tanga. Enzi za senema yeye na rafiki yake waliingia ukumbi wa Majestic kuangalia Sholay, ile ya Kihindi. Filamu ile inapita saa tatu, kwa hiyo kuna mapumziko katikati. Kwenye mapumziko akaja mtu kumwita mzee: mama kashikwa na uchungu. Wakatoka mbio wote wawili. Usiku ule akazaliwa dada yangu mkubwa, na nusu ya pili mzee hajaiona mpaka leo.

Sasa amelala tangu mfungo. Presha ya macho imemmaliza, anaona mwanga na vivuli tu. Juzi kaniambia: "Niwekee ile senema nisikie ilivyoishia."

Tatizo miisho iko miwili. Ule uliotoka 1975, Thakur asiye na mikono anamkanyaga jambazi Gabbar, polisi wanatokea, wanamzuia, Gabbar anakamatwa. Na ule aliopiga mwongozaji Ramesh Sippy kwanza, ambapo Thakur anamuua Gabbar kwa viatu vyenye misumari. India mwaka ule ilikuwa kwenye hali ya hatari, bodi ya ukaguzi ikakataa Thakur, mtu aliyekuwa polisi, ajichukulie sheria mkononi, ikabidi wapige upya. Nimwekee upi?

Nyundo Baridi
Mkuu, mtafutie ile ya vibanda umiza iliyotafsiriwa. Dijei atamweleza mzee mpaka rangi ya shati la Gabbar, na mwisho wa tatu atautunga mwenyewe hapohapo.

Gati Namba Mbili
Mwisho wa asili, bila kujadili. 2025 filamu imesafishwa ikaonyeshwa Bologna, Italia, ikiwa na mwisho huo. Mtu kakatwa mikono, familia yake imeuawa, kasubiri miaka, halafu dakika ya mwisho aje askari na kofia amwambie acha? Mimi sikuwahi kuukubali ule.

Ila tukizungumzia miisho, mimi moyo wangu uko kwa The Shawshank Redemption, ile ya Kimarekani ya marafiki wawili wafungwa. Mwongozaji Darabont alitaka iishie Red, mmoja wao, katoka jela yuko kwenye basi, ana matumaini tu, hujui kama atamkuta mwenzake. Wenye fedha wakamwomba aonyeshe wakikutana ufukweni. Nimeiona nikiwa nimetoka kuachishwa kazi, geto, na jirani yangu wa mlango wa pili. Lile bahari la bluu lilivyotokea tulinyamaza wote. Nasema walifanya vizuri kumwomba. Kuna siku mtu anahitaji kuona wamekutana kweli, matumaini peke yake hayamtoshi.

Shangazi wa Korogwe
Mwanangu, nimesoma uzi wako mara mbili. Gabbar akifa au akifungwa, mzee atapungukiwa nini? Wewe hujaja hapa kwa ajili ya Gabbar. Miisho yote miwili Jai, yule rafiki wa Veeru, anakufa. Mbona hilo hujaligusa hata kwa neno moja?

Bi Kisiwandui
Mie wa Unguja, nimekulia baina ya Majestic, Empire na Cine Afrique. Jumapili tukivaa, tukijitia manukato, mama na makoja ya asumini, utadhani twenda harusini. Tukitoka hatulali, twabishana mwisho mpaka adhana.

Mwisho uliotuliza kuliko yote ni wa Mughal-e-Azam, ya 1960. Anarkali, mpenziwe Salim mwana wa mfalme, ahukumiwa kujengewa ukuta akiwa hai. Mfalme Akbar amtoa kwa njia ya chini kwa chini, yeye na mamake, kwa sharti Salim asijue. Basi Salim yuaishi akiamini mpenziwe kafa. Sisi tulioketi vitini twajua yu hai, mwenyewe hajui. Mamangu akilia kwa hilo tu. Akisema, kufa kuna matanga yake, hilo la Salim halina pa kulilia.

Mtoto wa Chumbageni
Shangazi, umenishika pabaya.

Yule rafiki wa mzee, ami yetu, ndiye aliyekuwa Jai. Walijiita hivyo tangu usiku ule, kama wale marafiki wawili wa kwenye filamu, mzee Veeru, yeye Jai. Mwanzoni mwa miaka ya 80 alihamia Muscat. Waliahidiana hakuna atakayeimalizia peke yake.

Ami kafariki siku kumi na tisa zilizopita. Mzee hatujamwambia. Daktari alisema moyo wake dhaifu, tusimshtue. Kila Ijumaa anauliza mbona Jai hapigi simu, tunasema kaenda kwa binti yake. Sasa kaomba filamu. Anasema Jai atamsamehe, maana yeye mwenyewe hajui kama ataweza kumsubiri.

Shangazi wa Korogwe
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Poleni sana.

Umenijibu nusu. Jai wa kwenye filamu umeamua kumfanyaje?

Mtoto wa Chumbageni
Nimeshampa kijana wa duka la kompyuta aikate. Kaondoa pale darajani Jai anapokufa, na mazishi. Inatoka kwenye vita inaingia kwa Gabbar, halafu Veeru kwenye treni anamkuta mpenzi wake Basanti. Nimelipa elfu kumi na tano. Inaungana vizuri, huwezi kujua.

Msinihukumu. Hata Jai mwenyewe alimdanganya rafiki yake! Alirusha sarafu waamue nani abaki darajani na risasi chache, na sarafu ile pande zote mbili ni sawa. Alimdanganya kwa mapenzi ili Veeru aishi. Mimi nimekosa nini?

Ustadh wa Jirani
Ndugu yangu, nakuambia kwa upendo. Mzee wako sasa hivi anamwombea rafiki yake afya na safari njema, wakati mwenzake anahitaji maghufira na rehema. Kama wana deni baina yao, au neno la kusameheana, unamzuia kulisema. Moyo dhaifu ni sababu ya kuchagua saa na mtu wa kumwambia. Usiifanye sababu ya kumficha mpaka naye aondoke.

Gati Namba Mbili
Nimeishiwa maneno. Mimi baba yangu walimficha kifo cha kaka yake miezi minne. Alipojua hakuuliza amekufaje. Aliuliza, "Nani mwingine alijua?" Tukatajana mmoja mmoja. Hakulala kwa dada yangu tena.

Mkaguzi
Samahani nawaharibia. Hii chai, na sukari imezidi.

Moja, Sholay imejaa kwenye kaseti tangu miaka ya 80, hakuna mtu wa Tanga ambaye hajasimuliwa mwisho. Mbili, huyo ami miaka yote hiyo hakurudi likizo wakaiangalia? Tatu, mara mzee haoni, mara unamkatia picha. Picha za nini kwa asiyeona? Nne, rafiki anaitwa Jai halafu anakufa kama Jai. Mtunzi, lete sehemu ya pili.

Nyundo Baridi
Mkaguzi kaja na tochi. Nipo pale nimekaa.

Bi Kisiwandui
Mkaguzi, watu wazima twaahidiana mengi ya kitoto na twayashika. Mie nina kanga sijaifungua tangu 1979. Muache aseme mwenyewe.

Mtoto wa Chumbageni
Sina haja ya kumthibitishia mtu, lakini nitajibu.

Kusimuliwa alisimuliwa kidogokidogo, akisikia watu wanaanza anatoka barazani. Sisi watoto tulikatazwa kuiweka nyumbani. Ami alirudi mara mbili, alipofariki bibi na alipofariki mama. Nyumba ina matanga, nani anaweka senema? Na haoni ndiyo, anasikia. Kihindi cha senema wanakielewa wazee wa pwani, huyu bado anaimba Yeh Dosti, wimbo wa filamu hiyohiyo, chooni. Ndiyo maana sauti ya pale darajani ndiyo niliyotaka iondoke.

Kuhusu jina, walijiita wenyewe kabla hawajajua Jai anakufa. Hilo ndilo linaloniua mimi.

Mkaguzi
Hapo pa mwisho nimekuelewa. Nafuta niliyosema. Pole kwa msiba, mkuu.

Shangazi wa Korogwe
Sasa nisikilize kuhusu hiyo sarafu yako. Ndiyo, Jai alidanganya. Lakini waliotunga hadithi hawakumwacha Veeru hivyo. Mwenzake akishakata roho, Veeru anaitazama sarafu, anakuta ni upande uleule kote. Hapo ndipo unapokumbuka kila mara iliporushwa tangu mwanzo, ukajua mwenzake alikuwa anaamua peke yake siku zote. Mimi nimesahau nani alimpiga nani mle ndani. Sarafu sijaisahau. Wewe umemkatia mzee palepale Veeru anapojua.

Ustadh wa Jirani
Mzungumze na daktari kwanza, awepo au awe karibu. Dada mkubwa aje, yule aliyezaliwa usiku ule. Yeye ndiye aseme.

Mtoto wa Chumbageni
Nimempigia dada. Amelia, kisha kasema alikuwa anasubiri mmoja wetu aanze. Anakuja na basi la Ijumaa. Daktari kasema tumwambie asubuhi akishameza dawa, na yeye atapita.

Filamu mzee akiitaka bado, nitaweka nzima. Nani anakumbuka sarafu inakuja dakika ya ngapi, nijue pa kumshika mkono?

Bi Kisiwandui
Usihesabu dakika, mwanangu. Yule Jai jioni hupiga kinanda cha mdomo, na Radha, yule mjane, huzima taa moja moja barazani. Babako ataanza kukisikia mapema. Wewe kaa karibu naye tangu hapo.