Naomba ushauri: migahawa midogo ya watu wa mataifa mengine, mnaagizaje?

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Mimi na mke wangu tumeamua kila wikiendi tunajaribu mgahawa mmoja wa watu wa taifa jingine hapa mjini, sio yale mahoteli makubwa, ni ile ya kawaida tu viti vya plastiki na mwenye mgahawa mwenyewe ndo yuko jikoni. Tulianza na Waethiopia, ikaja injera, ile kama chapati kubwa ya unga wa tefu (nafaka yao) uliochachushwa, laini ina vitundu vitundu kama sifongo, mchuzi umewekwa juu yake na sinia moja tunakula wote kwa mkono, aisee ule uchachu mpaka leo naukumbuka. Juzi kwa Wavietnam ndo nikakwama, supu ya pho (supu yao ya tambi) imekuja na sahani ya pembeni ina majani mabichi, ndimu na pilipili, nikamwaga vyote kwa mpigo, ladha ya mchuzi ikapotea kabisa na roho iliniuma maana mchuzi wenyewe ni wa mifupa inayochemshwa masaa mengi.

Sasa mliozoea, menyu ikiwa kwa lugha yao tu mnafanyaje, mnaonyesha kidole meza ya jirani au mnamwachia mhudumu achague?

Na kubwa zaidi, wife ana aleji mbaya ya karanga, namuulizaje mpishi ambaye hatuelewani lugha mpaka niwe na uhakika kabisa? Wikiendi ijayo tulipanga kwa Wathai na karanga wao wanatumia sana, naogopa kwa kweli.