Migongo ya milima na mawe yasiyo na kibao: kutokea Dar tuanze wapi?

Mguu_Kando (Kimara)
Wakuu, habari za jioni. Tuko wanne, kazi zetu zote za kukaa kwenye kiti. Kilimanjaro hatuna hela yake, na Morningside ya Morogoro tumeshaenda mara tatu. Mara ya mwisho tulikuta msafara wa watu hamsini na spika juu. Tunatafuta mgongo wa mlima wa kutembea juu yake, au mawe ya ajabu ambayo hata mtu wa Moro ukimuuliza anakuna kichwa. Kuondoka Ijumaa jioni, kurudi Jumapili usiku, Jumatatu kazini kama kawaida.

Tumebaki na manne: mapango ya Pugu, kilele cha Lupanga pale Morogoro kwa njia isiyo ya kawaida, vilima vya Matumbi kule Kilwa, na Mtae, Lushoto. Aliyefika aseme alichokiona, si alichosikia kwa shemeji yake.

Fundi_GMboto
Pugu ni jirani zangu. Kwanza yale si mapango ya asili, ni mahandaki yaliyochimbwa kutafuta kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kaure. Siku hizi wenye nyumba ni popo. Harufu utaipata kabla hujauona mlango, na ndani kiatu kinazama kwenye kinyesi kama umekanyaga pumba. Raha yake ni kukaa nje jua linapozama, uwaone wakitoka mkupuo mmoja kama moshi wa tanuri la mkaa. Ni hifadhi ya misitu, kwa hiyo lipia kwanza.

Ila kama unataka jasho, Pugu si mlima. Nusu siku umemaliza na chai unakunywa nyumbani.

Mama_Wawili
Mtae nimefika. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wenyewe, ukitoka mlangoni huku korongo na huku korongo, na upande mmoja unaitazama nyika ya Mkomazi chini kabisa. Asubuhi mawingu yako chini yenu. Lakini wanangu, kwa siku mbili mtaona dirisha la basi tu. Mpaka Mombo, mpaka Lushoto, halafu kona kwa kona kwenda Mtae. Iwekeni ya likizo.

Mndengereko_Og
Matumbi ni kwetu, na nashukuru mtu kaitaja. Watu wakisikia Kilwa wanawaza magofu ya Kisiwani basi. Kule juu ni miamba ya chokaa iliyotobolewa na maji, mapango juu ya mapango. Nang'oma ndilo kubwa, na wazee wanasimulia jinsi watu walivyojificha humo wakati wa Majimaji. Vita yenyewe ilianzia Nandete mwaka 1905, ni humohumo vilimani. Ukikaa na mzee wa huko anakuonyesha jiwe na anakutajia nani alilala chini yake.

Tatizo ni lile la Mama_Wawili. Mnaacha lami ya Lindi pale Njia Nne mnapanda kwenda Kipatimu, na mvua ikinyesha hiyo safari si ya gari dogo. Siku tatu, la sivyo msiende.

Mguu_Kando
Kwa hiyo naona mnanirudisha Lupanga 😀

Mluguru_wa_Mbezi
Mkuu, ngoja nikusaidie kabla hujapotea.

Hiyo "njia isiyo ya kawaida" ifute. Msitu wa Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia, unaingia kwa kibali cha TFS (wakala wa misitu), unachukua mwongozaji pale Morogoro, unafuata njia. Na si suala la sheria peke yake. Mji uko kama mita 500 juu ya bahari, kilele kinapita mita 2,100. Hesabu mwenyewe unapanda kiasi gani, tena kwa kushika mizizi, tope mpaka magotini upande wa juu. Hii ndiyo milima inayosimamisha upepo wa bahari. Mvua inaishia hapo, na ndiyo inayolisha Ruvu, ambayo wewe Kimara unaioga.

Mimi nilizaliwa huko na bado nilipotea. Mwaka 2019 tulikuwa watatu, hatuna mwongozaji kwa sababu eti mimi ni mwenyeji. Kupanda hakuna shida: migongo yote inaelekea juu, utafika tu. Kushuka ndiyo kazi, migongo inaachana. Ukungu ulishuka saa saba mchana, tukakosea hatua kama ishirini pale juu, tukajikuta tunateremka mgongo usio wetu. Simu ilionyesha kitone cha buluu katikati ya kijani, haikusema kwamba mbele kuna mteremko wa kuvunja shingo. Tulitokea kwenye shamba la migomba la watu saa mbili usiku, bonde lingine kabisa. Mama mmoja akatupa magimbi ya kuchemsha, hakuuliza kitu. Alituangalia viatu tu.

Sasa sikiliza. Mnachotaka nyie kiko nyuma ya mlima, upande wa mashariki, na hamkukiweka kwenye orodha. Pandeni treni ya SGR Ijumaa jioni mpaka Moro (mimi daraja la kawaida nililipa 13,000, stesheni iko Kihonda, si mjini). Jumamosi alfajiri chukueni gari za barabara ya Kisaki: Bigwa, Kiroka, Mkuyuni, hadi Matombo. Jina hilo Kiluguru ni matiti, na mkiyaona yale mawe mawili hamtauliza kwa nini. Huko migongo haina msitu wa hifadhi, ina mashamba. Vijia ni vya wakulima, vinapita juu kabisa, mnanasi huku, mgomba huku, na kila baada ya muda jiwe kubwa kama nyumba limekaa peke yake.

Fundi_GMboto
Magimbi bila hata kuuliza jina. Waluguru nyie mna roho.

Mjusi_Buluu
Mluguru kaishia Matombo makusudi, nadhani. Njia hiyohiyo mnapita msitu wa Kimboza, na kwa mawe ya ajabu mimi sijaona mfano wake karibu na Dar. Ni chokaa iliyoliwa na mvua ikabaki meno meno. Si jiwe la kukalia. Ukiteleza ukashika, kiganja kinatoka kama nazi kwenye mbuzi. Katikati ya yale meno mizizi ya miti imejiviringisha, majani makavu yamefunika mashimo, hujui mguu unaenda wapi. Mita mia unaweza kutumia nusu saa.

Sababu ya watu kunyamaza ni mjusi. Kuna mjusi mdogo, hata kidole hakizidi kwa mengi, dume lake buluu ya kung'aa, anaishi kwenye miti jamii ya mkadi, hapo na vipande vichache vya jirani, basi. Walikuwa wakikamatwa kwa maelfu kwenda kuuzwa Ulaya na Marekani, na waliokuwa wakiwakamata walikuwa wanakata mti mzima. Mwaka 2016 mkutano wa CITES (mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini) kule Johannesburg ulipiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Kwa hiyo nendeni na kibali, msiokote hata jani, na picha zenye ramani ndani yake msizitupe mitandaoni.

Kijana_wa_Sinza
Sasa hapo mnaanza ubinafsi. Nyie mmeona, sisi tusione?

Mluguru_wa_Mbezi
Njoo uone, kaka. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji, eleza shida yako, utapewa mtoto wa kukuongoza. Mawe mengine ni ya matambiko. Kolelo, mzimu wa Waluguru, alikuwa akiombwa mvua kwenye pango huko huko Uluguru, na wapo wanaolikumbuka. Huwezi kulipanda jiwe la mtu ukapigie selfi.

Mguu_Kando
MREJESHO. Tulienda wikiendi iliyopita, Matombo na Kimboza. Mwenyekiti alitupa mzee, si mtoto, ana miaka kama sabini, kandambili za matairi, na alituacha nyuma siku nzima. Mgongo tuliotembea ulikuwa na upana wa kitanda cha sita kwa sita, mihogo pande zote. Kule Kimboza jamaa yetu alishika jiwe. Mjusi_Buluu hukudanganya kuhusu mbuzi ya nazi, bado ana bandeji. Mjusi tulimwona mmoja, sekunde tatu.

Kuna jiwe moja mzee alitupitisha mwisho, jua linaanguka. Alivua kofia, tukavua na sisi. Picha za mengine nitaweka kesho. Hilo hatukupiga.

Kijana_wa_Sinza
Haya bwana. Ila gari za kutoka Moro zinaanza saa ngapi?

Mguu_Kando
Sisi tulifika saa kumi na mbili asubuhi tukakuta ya kwanza imeshajaa. Fika kabla ya hapo.